Mgongo Haujitazami

Aliyeniletea habari ni muuza maziwa. Alisimama barazani pangu asubuhi na mkebe wake, akaniambia kuwa mzee wa kiunga haitikii hodi, na maziwa aliyomwachia jana yangali mlangoni, yameganda. Nikaenda naye, na majirani wawili wakatufuata. Tulisukuma mlango kwa bega, tukamkuta amelala kitandani kwake, uso ameuelekeza ukutani, shuka imefika kiunoni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kifua kilikuwa kikimsumbua tangu mvua zilipoanza, naye hakumwambia mtu ila mimi. Hata mimi hakuniambia. Nilisikia mwenyewe pumzi yake ikikwaruza, kwa kuwa nilikuwa nyuma yake nikimtazama mgongo.

Najua msomaji atauliza mgongo wa mtu mzima nilikuwa nautazamia nini. Nitafika huko. Kwanza nimseme marehemu mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kusemwa na watu wengi, na wale wachache waliomsema walimsema kwa ukali. Alikuwa mfua fedha hapa Mji wa Kale, mpaka macho yalipopungua nguvu akafunga duka. Alikuwa na kiburi cha mafundi wa zamani, na alikuwa mgomvi. Ukimsifu mtu mwingine mbele yake alikohoa. Hatukuwa marafiki, hatukuwahi kula sahani moja isipokuwa arusini kwa watu. Lakini leo ni zaidi ya juma moja tangu tumzike, na kila baada ya sala ya Alasiri nimejikuta nimekaa barazani nikitazama pembe ya njia aliyozoea kutokea. Nimemkosa yule mzee, na nasema wazi kuwa sikutazamia.

Alikuwa na kiunga upande wa Tononoka, mahali ambapo watu wa mji walikuwa na vibustani vyao kabla nyumba za bati hazijafika. Kiunga kilikuwa cha mkewe. Mama yule alipanda asumini na mrehani na mkadi, na maharusi wengi wa mji huu wamevaa vikuba vya maua vilivyotoka mikononi mwake, akiwamo marehemu mke wangu. Alipokufa, mumewe alikichukua kiunga kama mtu achukuavyo mtoto wa kulea, bila ya kujua lolote. Alijifunza kwa ubishi. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kuwa mimi si mtu wa mashamba. Nimezaliwa katika nyumba ambayo mti wake ni boriti za dari, na jani nalijua likiwa katika mchuzi. Kwa hiyo alipotokea kwangu siku ya kwanza sikuelewa hata nguo alizovaa.

Alikuja baada ya Alasiri. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, ya msikitini kabisa, ameichomeka ndani ya suruali, na suruali ameitia ndani ya soksi ndefu za askari, zile zilizojaa madukani vita vilipokwisha. Waliokuwa wakipita njiani waligeuka kumtazama. Mimi nilimkaribisha kwa heshima zote, na yeye akaniamkua kwa heshima zote. Akauliza hali yangu. Akauliza hali ya nyumba, ingawa anajua kuwa nyumba ni mimi na paka. Akauliza jamaa zangu wa Kilindini mmoja mmoja, akauliza mvua, tukaulaani kidogo mchele wa mgao. Nikaagiza kahawa. Akanywa, akaongezwa, akashukuru. Kila nikimtazama naona anajipindapinda pale kitini, nikajua ana haja. Nikafikiri amekuja kunitafutia mke, maana mjane wa umri wangu hana salama katika mji huu.

"Basi, sheikh wangu," akasema mwisho, "nina haja ndogo, na haya zanishika. Nataka unitazame mgongo."

"Mgongo una nini?"

"Nadhani mna kupe."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka kiungani. Kabla ya sala."

"Na wakati wote huu waniuliza habari za mvua?"

Akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. "Ningeingiaje barazani pa mtu, nikavua kanzu, sijamwamkua?"

Nikamwingiza ndani, akavua. Kweli alikuwako, katikati ya mabega, pale ambapo mkono wa juu haufiki na wa chini haufiki. Adabu zetu zilikuwa zimemlisha akashiba. Nikakimbilia mafuta ya taa kama tulivyofundishwa na mama zetu, mzee akanipigia kelele niyarudishe. Ukimpaka mafuta, akasema, au ukimchoma kwa moto wa sigara, atakutapikia ndani ya damu kabla ya kuachia. Akatoa mfukoni kibano chake cha kufulia fedha, kile kidogo cha kushikia vipuli. "Mshike karibu na ngozi, usimkamue tumbo. Mvute wima, polepole, usimzungushe. Wewe mwandishi, huna haraka." Nikamvuta. Akaniagiza nioshe mahali pale kwa sabuni, akavaa, akaaga kwa maneno mengi kama aliyoingilia, akaenda zake.

Akawa akija kila siku atokayo kiungani. Salamu alizifupisha, lakini hakuziacha. Siku moja nikamuuliza kwa nini mimi, naye ana majirani pande zote. Kibano kiko mkononi mwangu, mgongo wake uko mbele yangu kama mlango uliofungwa. Kisha akasema, "Alikuwa akinitazama mke wangu. Alipokufa akanitazama binti yangu, huku akinisikitikia. Kisha akaolewa Lamu. Majirani wana wake zao. Wewe nilijua kuwa huna mtu, hutanicheka." Sikumcheka. Nilimwambia avae, hakuna kitu, na siku ile hakukuwa na kitu kweli.

Jambo lililomkaa rohoni, nalo ndilo lililomfanya avae zile soksi, ni mjukuu wake. Binti alikuja kutoka Lamu na mtoto wake wa kike, mwenye umri wa kukimbia bila ya kutazama chini. Katika pembe ya kiunga, chini ya rundo la mawe ya ukuta wa kale, waliishi nguchiro, na mkewe mzee alikuwa na desturi ya kuwatupia vichwa vya samaki. Mtoto akawafuata nguchiro katika majani marefu. Jioni akakutwa na kupe nyuma ya sikio na mwingine kinenani, na miguu yote imewiva kwa utitiri, vile vijidudu visivyoonekana ambavyo muwasho wake humtoa mtu usingizi. Baada ya siku kadhaa mtoto akashikwa na homa kali. Alipona, alhamdulillahi. Lakini baba yake alituma neno kwa msafiri kutoka Lamu: maadamu kiunga kile kina vichaka na wanyama, mtoto wake hatakanyaga Mombasa tena. Kwa kuwa mtoto ni mdogo mno kuachwa, na mama yake hatakuja.

Kila mtu alikuwa na shauri. Wengi walisema achome. Jirani mmoja aliyefanya kazi na majeshi akajitolea kumletea ule unga mweupe ambao askari walikuwa wakinyunyiziwa nguoni kwa ajili ya chawa; ukiumwaga, akasema, hakibaki kitu chenye miguu. Mzee akamuuliza kama unga ule unajua kuchagua. Haujui. Basi nyuki je, na mjusi alaye nzi aliyekufa kwa unga, na kalunguyeye alaye kila kidudu akipatacho usiku? Jirani akaona anafanyiwa mzaha, akaondoka amenuna. Mzee alikuwa na kipaji hicho cha kuwanunisha watu.

Hata mimi nilimkabili. Nilimwambia, nikiwa nyuma yake kama kawaida, kwamba mtu mwenye akili hasiti kati ya mjukuu na nguchiro.

"Ukichoma leo," akasema, "mbuzi wa jirani atawaleta kupe wengine kesho. Nguchiro akiondoka harudi."

"Na mjukuu?"

"Wote ni watu wa nyumba ile ile. Yule mama alianza kuwalisha wale wanyama kabla binti yetu hajazaliwa. Nikimfukuza mmoja kwa ajili ya mwingine, nitabaki nimekaa na nani?" Akageuka akanitazama, jambo asilolifanya wakati wa ukaguzi. "Nataka mtoto aje. Nataka aje akiwa nami, na nguchiro wawepo, na asiumwe. Nataka yote matatu. Ni makosa?"

Nilimwambia si makosa, ni tamaa. Akasema basi atakuwa na tamaa.

Akaanza kazi. Alikuwa ameketi na kuwatazama kupe kama alivyokuwa akitazama kazi ya fedha ya fundi mwingine, kwa nia mbaya, akatambua kuwa kupe harukii mtu kutoka mtini kama tudhanivyo. Hukaa nchani mwa jani refu, miguu ameinyosha, anangoja mwenye damu apite amguse. Basi akakata majani mafupi kabisa mahali ambapo watu hupita na mtoto atacheza, jua lipige chini, maana wadudu wale hawapendi pakavu. Majani marefu akayaacha upande wa nguchiro tu, na yeye mwenyewe akaacha kupita huko. Kati ya pande mbili akatandaza utepe mpana wa changarawe na vipande vya matumbawe, mpaka wa kuonekana kwa macho. Kuni alizihamisha mbali na mahali pa kuketi. Akaziba ua kwa miba mahali palipokuwa pakiingia mbuzi, kwa kuwa alishuku mbuzi kuliko nguchiro, akagombana na mwenye mbuzi, akafurahi. Vichwa vya samaki akaendelea kuvitupa, ila sasa alivitupa kule kule mwisho wa ukuta, wanyama wasiwe na sababu ya kuvuka.

Kanzu nyeupe aliivaa ili mdudu mweusi aonekane akipanda. Suruali ndani ya soksi, kanzu ndani ya suruali, kupe asipate mlango. Alijipaka mafuta ya mwarobaini vifundoni, nami siwezi kuapa kwamba yalimfukuza kupe, ila najua yalitaka kunifukuza mimi. Akitoka hakai na nguo zile hata kidogo. Huzikung'uta, huzianika jua kali, kisha huzipiga pasi ya makaa mpaka kwenye mishono, maana kikulacho ki nguoni mwako. Aoge kwa dodoki, ajipapase kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni, masikioni. Yote hayo aliyafanya peke yake na aliyafanya sawasawa. Kisha anakuja kwangu kwa kilichobaki. Mwanzoni hapakosi kitu. Baadaye ikawa nadra. Mwishoni ilipita miezi, kila siku ninasema "Hakuna," naye anajibu "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyelipwa haki yake. Hapo ndipo alipotuma neno Lamu: waje watazame. Jibu likaja kwamba binti na mtoto watakuja kwa Idi.

Ninapowaza habari za mzee huyu huuwaza mji wetu pia. Viunga vinakwisha. Panapimwa viwanja, panasimama nyumba za vyumba vingi kwa ajili ya wafanyakazi wa bandarini na wa reli, na katika kila chumba yumo mtu mmoja na kufuli yake. Sisemi vibaya; watu wanafuata riziki, na mji usiopokea watu hufa. Lakini zamani katika nyumba zetu mtu hakupata muda wa kuwa na kupe mgongoni. Palikuwa na nyanya wa kumkamata mlangoni, shangazi wa kumvua, na dada wa kumcheka. Tuliona ni kero, tukatamani mlango wetu wenyewe. Sasa milango tunayo. Siku hizi dawa za unga na za maji zinakuja na meli, na labda kesho itakuja ya kuua kila kiumaye bila ya mtu kumwomba mwenziwe lolote. Wakati huo sijui mzee kama yule angepata kisingizio gani cha kuja barazani pangu.

Hakuifikia Idi. Tulipomwosha nilikuwa miongoni mwa waoshaji, na tulipomlaza ubavu ili maji yafike nyuma, macho yangu yakaenda yenyewe katikati ya mabega. Mikono yangu ikasimama. Wenzangu walidhani nimezidiwa na majonzi, wakaningoja, nami nilikuwa namtazama kama kila siku, kwapani, shingoni, chini ya nywele za kisogo. Mwosha maiti hasemi aliloliona, basi nitasema nisiloliona. Kupe hakuwapo. Nikasema "Hakuna" kwa sauti, na jibu nililolizoea halikuja. Hapo ndipo nilipolia.

Binti alifika hitima imekwisha kusomwa, na mtoto mkononi. Mumewe hakumzuia. Akaniomba mimi na mama mmoja jirani tumfikishe kiungani kabla ya kurudi. Asumini zilikuwa zimefunguka. Mtoto akakimbia, mama yake akafumba mdomo asimwite, akawa anatazama. Mtoto akafika kwenye changarawe, akasimama, kana kwamba ameambiwa. Ng'ambo ya pili nguchiro wakatoka mmoja mmoja katika mawe, wakasimama kwa miguu ya nyuma kumtazama mgeni. Walitazamana muda. Kisha wakarudi majanini, na mtoto akarudi kwa mama yake kwa njia ile ile fupi ya majani yaliyokatwa. Mama akamgeuza, akamfunua nguo, akampekua mpaka nyuma ya masikio. Hakuona kitu. Akampekua tena.

"Ami," akaniambia, uso wake ungali mgongoni kwa mwanawe, "baba nani alikuwa akimtazama?"

"Mimi, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kila siku atokayo huku."

Akaufunika uso wake kwa buibui mpaka tulipotoka. Mlangoni akanipa ufunguo. Alinipa na kibano, amekifunga katika kitambaa, akasema asumini zisipochumwa huudhika. Wamerudi Lamu, na ameahidi kuja tena na mtoto.

Basi mimi, mtu wa boriti, sasa ni mtunza kiunga. Nimechomeka suruali ndani ya soksi na nimechekwa njiani. Nawaambia wasomaji wangu walio na bustani: kateni majani mnapopita, vaeni nyeupe, jitazameni mkitoka, na pembe ya nyuma waachieni wenyewe, kwa kuwa wanyama wale hawakuwatafuta. Haya yote mtu aweza kuyafanya peke yake. Lakini Mungu ameweka katika kila kiwiliwili mahali pamoja padogo ambapo mwenyewe hapaoni wala hapafiki, naamini kwa makusudi, na mwenye akili humtafuta wa kupatazama mapema, wangali wote wawili hai. Mwosha naye huoshwa. Ila asingoje mpaka siku ile ndipo aguswe mgongo.

Leo nimetoka kiungani kabla ya Alasiri. Nimekung'uta nguo, nimeoga, nimejipapasa. Naandika haya, na katikati ya mabega pananiwasha. Siku hizi chumba cha pili cha nyumba yangu amepanga kijana wa bandarini kutoka Kaloleni. Tangu ahamie tumepeana salamu tu, wala jina lake sijalijua. Naweka kalamu chini, nachukua kibano, nakwenda kumbishia hodi. Nitaanza na mgongo. Salamu zitakuja baadaye.